Djibouti: mwenye nyumba wa wapangaji watano

Februari 15, 2025, pale Addis Ababa, Raila Odinga alitoka kwenye kinyang'anyiro baada ya duru ya sita. Duru ya saba ikampa Mahmoud Ali Youssouf wa Djibouti kura 33 na kiti cha mwenyekiti wa Kamisheni ya Umoja wa Afrika. Wakenya tulijifariji upesi: Kifaransa kimembeba, Uislamu umembeba, Umoja wa Nchi za Kiarabu umembeba. Wapo walioongeza kwa dharau kwamba ile si nchi, ni kambi za wageni zilizopewa bendera. Hilo la mwisho ndilo linalonikera, ingawa si uongo mtupu.

Djibouti ilipopata uhuru Juni 27, 1977, wanajeshi wa Ufaransa walibaki. Wangeondokaje? Mwezi uliofuata Somalia na Ethiopia ziliingia vitani Ogaden, na kinchi kile kimebanwa katikati yao. Kwa miaka kama 25 Mfaransa alikuwa mlinzi wa pekee, na mwenye mlinzi mmoja husikiliza anachosema mlinzi.

Mwaka 2002 Mmarekani akaingia Camp Lemonnier, iliyokuwa kambi ya Wafaransa wenyewe. Mwaka uliofuata Ufaransa ikakubali kulipa euro milioni 30 kwa mwaka. Tazama mfuatano huo. Mjapani akafungua kambi 2011, Mwitaliano 2013. Mwaka 2014 Marekani ikapandishiwa kodi kutoka dola milioni 38 hadi 63 kwa mwaka. Mchina akafika 2017, kambi yake ya kwanza nje ya nchi yake, pale Doraleh, kilomita chache tu kutoka kwa Mmarekani. Na Julai 2024, Ufaransa ikiwa imeshafukuzwa Mali, Burkina Faso na Niger, ikatia saini miaka mingine 20 Djibouti kwa euro milioni 85 kwa mwaka.

Kutoka 30 hadi 85. Nimeizungusha hesabu hiyo kichwani mara nyingi. Ardhi haikuongezeka, bahari haikusogea. Bab el Mandeb, mlango wa Bahari ya Shamu, iko palepale ilipokuwa 1977. Kilichobadilika ni kwamba mpangaji wa kwanza aligeuka akaona wengine wamepanga foleni mlangoni. Mwenye ploti yeyote pale mtaa wa Pipeline, Nairobi, anaielewa hesabu hii bila kufundishwa. Anayeiita utumwa anieleze ni mtumwa gani anayempandishia bwana wake kodi.

Wala si suala la pesa pekee. Mwaka 2013 Djibouti ilikuwa na hofu kuhusu droni za Marekani zilizokuwa zikiruka Ambouli, uwanja uleule unaotumiwa na ndege za abiria, na baadhi zilikuwa zimeanguka. Marekani ikazihamishia Chabelley, jangwani, mbali na mji. Dola kubwa kuliko zote duniani ilifungasha virago kwa sababu ya wasiwasi wa serikali ya watu takriban milioni moja. Sisi wenye Waingereza Nanyuki na Wamarekani Manda Bay tujiulize mara ya mwisho tulihamisha nini.

Wahenga walisema mafahali wawili hawakai zizi moja, hawakufika Djibouti. Mei 2018 Wamarekani walilalamika kwamba miali ya leza kutoka upande wa kambi ya China imewaumiza marubani macho, China ikakanusha, na mwenye zizi akaendelea kukusanya kodi kwa wote wawili.

Wanaopinga wana hoja, na nzito ni mbili. Ya kwanza ni deni. Reli ya Addis Ababa na bomba la maji kutoka Ethiopia vilijengwa kwa mikopo ya China, na anayekudai zaidi ya nusu ya deni lako la nje hahitaji kambi ili asikilizwe. Ya pili ni nani anakula. Rais Ismail Omar Guelleh yuko madarakani tangu 1999. Mwishoni mwa 2025 Bunge liliondoa kikomo cha umri wa miaka 75 kilichokuwa kikimzuia kugombea tena. Wapangaji watano, wengi wao wahubiri wa demokrasia, hawasikiki wakilalamika. Uhuru wa kusema na mataifa makubwa umenunuliwa, kwa sehemu, na ukimya wao kuhusu ya ndani. Hapo sina utetezi.

Ongeza na Ghuba: Januari 2016 Saudi Arabia ilipokata uhusiano na Iran, Djibouti nayo ikakata. Mwaka 2017 ikapunguza uhusiano na Qatar, nayo Qatar ikaondoa askari wake waliokuwa wakilinda amani kwenye mpaka wa Djibouti na Eritrea. Hiyo haikuwa hesabu nzuri.

Lakini Februari 2018 nchi hiyohiyo iliinyang'anya DP World, kampuni ya bandari ya Dubai, bandari ya makontena ya Doraleh. Wasuluhishi wa London wameihukumu kulipa mamia ya mamilioni ya dola, nayo haijarudisha bandari. Unaweza kuuita ukaidi, na mwekezaji ana haki ya kuuita hivyo. Mimi naona nchi iliyojua kwamba Ethiopia, inayopitisha zaidi ya asilimia 90 ya biashara yake hapo, itaendelea kuleta makontena hata mwendeshaji akibadilika. Na waziri wa mambo ya nje wa wakati huo, aliyekuwa ofisini tangu 2005, ndiye Mahmoud Ali Youssouf tuliyemdhania hana kura.