Diploma ya sayansi kama njia ya chuo kikuu: mzazi wa Mwanza apime nini

Matokeo ya kidato cha nne yakishatoka mwezi Januari, nyumba nyingi za Mwanza huingia kwenye mjadala uleule. Kijana ana C ya fizikia, C ya kemia, B ya baiolojia. Tahasusi ya PCB (fizikia, kemia na baiolojia) anaipata, na huenda akapangwa shule ya Nsumba, au Nganza kama ni binti. Lakini kuna shangazi muuguzi anayesema mtoto asipoteze muda huko, aende diploma ya utabibu, miaka mitatu, halafu ndiyo chuo kikuu. Baba anasikia neno "diploma" na kuona mwanawe ameshushwa daraja. Mama anauliza ada. Dirisha la kubadili machaguo linafungwa wakati bado wanabishana, na mara nyingi anayeamua ni yule aliyepiga kelele zaidi.

Mimi naiamini njia ya diploma. Naiamini kwa sharti moja tu: kijana achague kozi ambayo angekubali kuifanyia kazi hata kama chuo kikuu hakitamfungulia mlango. Anayeichukua kama njia ya mkato ya kufikia digrii amekosea tangu mwanzo, kwa sababu si ya mkato hata kidogo.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Kidato cha tano na sita ni miaka miwili, tena pungufu kidogo. Diploma kwa aliyetoka kidato cha nne ni mitatu. Akienda udaktari wa binadamu, wote wawili watasoma miaka mitano na kumalizia mwaka wa mafunzo kazini. Kwa hiyo aliyepitia diploma anachelewa mwaka mzima kama kila kitu kimeenda sawa, na kwa watoto wa watu wa kawaida ni nadra kila kitu kwenda sawa.

Masharti ya kuingia nayo tuyaweke mezani. Kwa kanuni za TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, mhitimu wa kidato cha sita anahitaji kufaulu masomo mawili ya tahasusi kwa jumla ya pointi zisizopungua 4, yaani D mbili zinatosha kwa kiwango cha chini kabisa. Mhitimu wa diploma anahitaji GPA (wastani wa pointi za masomo yote) ya 3.0 au wastani wa B, pamoja na ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne. Juu ya hapo kila kozi ina masharti yake, na udaktari ndio mkali: kwa kidato cha sita ni fizikia, kemia na baiolojia zote tatu, pointi zisizopungua 6.

Nianze na heshima kwa kidato cha tano, maana siku hizi kuna mtindo wa kukibeza. Tangu mwaka 2022 serikali ilipofuta ada ya kidato cha tano na sita, mtoto wa mvuvi wa Igombe au mkulima wa pamba wa Kwimba anasoma PCM (fizikia, kemia na hisabati) kwa gharama ya godoro, sare, michango na nauli. Ufadhili wa masomo wa Samia, ulioanza mwaka huohuo, unawalenga wanaofaulu vizuri zaidi masomo ya sayansi kidato cha sita. Na kuna jambo ambalo vyuo vya kati haviwezi kushindana nalo kwa urahisi: hisabati. Mwanafunzi wa PCM anakaa na kalkulasi miaka miwili, asubuhi na jioni, hadi inamkaa. Mwenzake wa diploma ya umeme anafundishwa hisabati ya kumwezesha kufanya kazi ya umeme, kisha anafika mwaka wa kwanza wa uhandisi na kukuta mhadhiri anadhani wote wanayajua yale ya kidato cha sita. Wanaosapu na kukeri hisabati, yaani kurudia mtihani au kubeba somo hadi mwaka unaofuata, mwaka wa kwanza mara nyingi ni hao, na si kwa uvivu.

Kidato cha tano pia kinampa kijana wa miaka 17 muda wa kutoamua. Mwenye PCB anaweza kwenda udaktari, famasia, ualimu, kilimo, mifugo au sayansi ya mazingira. Mwenye diploma ya maabara ya afya amejifunga kwenye maabara, kwa sababu mwongozo wa TCU hutaja kozi kwa kozi ni diploma zipi zinakubalika. Akigundua mwaka wa tatu kwamba moyo wake uko kwenye uhandisi, hana pa kupitia ila kuanza upya. Kumtaka mtoto wa umri huo achague kazi ya maisha ni jambo zito, na watu wazima tunalichukulia kwa wepesi mno.

Sasa upande wa pili, ambao ndio unaonivuta.

Mwanafunzi wa kidato cha sita akipata daraja la nne, au akafeli kabisa, ana nini mkononi? Ana cheti ambacho mwajiri hakihitaji. Mfumo wa NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya ufundi na vya kati, una vituo njiani: ngazi ya 4, ya 5, kisha ya 6 ambayo ndiyo diploma. Aliyekwama ada baada ya mwaka wa pili ana astashahada, anaweza kufanya kazi na kurudi. Ajali hizi si za kufikirika kwa familia ambayo kipato chake kinategemea msimu wa dagaa au bei ya pamba ya mwaka huo.

Tena kanda hii ina kazi za sayansi zinazomngoja mtu wa kiwango hicho hasa. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria baada ya taarifa za uvuvi wa sumu, na viwanda vya minofu vya Mwanza vikaonja maana ya kukosa ushahidi wa kimaabara. Leo minofu ya sangara haiondoki bila sampuli kupimwa, na maabara ya taifa ya ubora wa samaki iko hapa Nyegezi. Hapohapo Nyegezi kuna kampasi ya FETA, chuo cha uvuvi, kinachotoa diploma. Ufugaji wa sato kwenye vizimba unazidi kuenea ziwani, na mwenye kizimba anahitaji mtu anayejua kupima oksijeni ya maji, kukadiria chakula na kutambua ugonjwa kabla samaki hawajaelea. Kijana aliyefanya hayo kwa mikono yake, akienda SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kusomea ufugaji viumbe maji, anakwenda na maswali yake mwenyewe. Ndivyo ilivyo pia kwa wa kilimo kutoka chuo cha Ukiriguru. Anayekuja moja kwa moja kutoka kidato cha sita ana nadharia safi, lakini mara nyingi ameona hadubini siku za mtihani wa vitendo tu, tena wakigombania watano.

Kwa afya, Bugando pale mlimani pana mfano mzuri: CUHAS, chuo kikuu cha afya kilichopo hapo, inatoa diploma za maabara na famasia mahali palepale inapotoa digrii zake, ikiwemo ya udaktari. Mwanafunzi wa diploma anaishi karibu na ndoto yake na kuona kila siku inadai nini.

Hata hivyo kuna shimo moja ambalo wengi hutumbukia bila kujua, na kwangu hili ni zito kuliko hoja zote za muda na ada. Diploma ya utabibu hupokea mwanafunzi mwenye ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne, yakiwemo kemia, baiolojia na fizikia. Hisabati si lazima. Kijana mwenye F ya hisabati anaingia, anasoma miaka mitatu, anapata GPA nzuri, anaomba udaktari, anakataliwa. Sharti la udaktari kwa mwenye diploma ya utabibu linadai angalau D ya kidato cha nne kwenye hisabati, kemia, baiolojia, fizikia na Kiingereza. Mlango ulikuwa umefungwa siku anajiunga, na chuo kilichopokea ada yake hakikuwa na haraka ya kumweleza. Dawa ipo na ni ya bei ndogo: kurudia hisabati kama mtahiniwa wa kujitegemea. Lakini afanye hivyo mwaka wa kwanza, kabla hajawa tabibu mwenye zamu za usiku na watoto wawili. Mzazi anayesoma hapa asichukue neno langu tu. Afungue mwongozo wa TCU, atafute digrii anayoitaka kwa mwanawe, asome sharti la wenye diploma, kisha arudi nyuma hadi kwenye cheti cha kidato cha nne. Usomaji uende hivyo, kutoka mwisho kurudi mwanzo.

Akichunguza hayo achunguze na chuo chenyewe. Usajili wa NACTVET ni hatua ya kwanza tu. Aulize wahitimu wa mwaka jana kama matokeo yao yalipelekwa kwa wakati, maana bila namba ya uthibitisho, ile AVN inayotolewa na NACTVET, mwenye diploma hawezi kukamilisha maombi ya chuo kikuu. Chuo kikizembea, kijana anakaa nyumbani mwaka mzima akiwa na GPA yake.

Kuhusu fedha sitakaa sana. Vyuo binafsi vya afya kwa kawaida hutoza zaidi ya shilingi milioni 1 kwa mwaka, ukiacha malazi, sare na fildi. Ukiweka kiasi hicho karibu na kidato cha tano kisicho na ada, utaona kwamba wenye uwezo mdogo ndio wanaolipa zaidi kufika palepale. Bodi ya Mikopo ilianza mwaka wa masomo 2023/24 kutoa mikopo ya diploma kwa fani za kipaumbele, afya na kilimo zikiwemo, na hilo ni jema. Lakini mkopo unalipwa, na anayeendelea hadi digrii atakopa mara ya pili.

Kisha kuna hofu ambayo wazazi wa rika langu wanayo na vijana hawaijui. Mwaka 2016 kiwango cha kuingia chuo kikuu kwa wenye diploma kilipandishwa hadi GPA 3.5, kabla ya kurudi 3.0. Aliyeanza chuo mwaka 2013 kwa kanuni moja alimaliza na kukuta nyingine. Mwezi Mei 2016 zaidi ya wanafunzi 7,000 wa stashahada maalumu ya ualimu wa sayansi na hisabati waliondolewa Chuo Kikuu cha Dodoma, wakajikuta stendi na mabegi yao. Baadaye wenye sifa walipangiwa vyuo vya ualimu, wengine wakaishia hapo. Rais Magufuli aliwaita vilaza, na neno hilo lilimwagikia kila mwenye diploma, hata aliyekuwa na GPA ya 4 na kidato cha nne kisafi. Naona lilikuwa neno la kuumiza na lisilo la haki kwa vijana waliojiunga na programu iliyoanzishwa na serikali yenyewe. Lakini hofu tuliyobaki nayo wazazi ina msingi: anayepitia diploma yuko njiani mwaka mmoja zaidi, na mwaka huo mmoja unatosha kanuni kubadilika. Ndiyo maana nasisitiza kozi ambayo ni kazi kamili. Fundi sanifu aliyesajiliwa au mteknolojia wa maabara mwenye leseni hawezi kurudishwa kijijini mikono mitupu kwa tangazo.

Si kwamba leseni ni ajira. Matabibu wako wengi mtaani wakisubiri nafasi. Kozi isichaguliwe kwa jina lake bali kwa upungufu wa watu wake, na kwa hilo maabara, samaki na umeme vinastahili kufikiriwa kabla ya utabibu ambao kila mtu anaukimbilia.

Linalonisumbua zaidi ni jinsi vyuo vikuu vinavyompokea huyu mtu. Mchukue tabibu aliyefanya kazi miaka minne kwenye zahanati ya kisiwa fulani huko Ukerewe, aliyezalisha kwa taa ya simu na kuamua peke yake saa nane usiku kama mgonjwa avushwe kwa boti. Anaingia mwaka wa kwanza wa udaktari na kusoma kozi zote, mwanzo hadi mwisho, sawa na kijana aliyemaliza kidato cha sita juzi. Wa maabara vivyo hivyo, na wa kilimo. Ile miaka mitatu ilimpatia ruhusa ya kuingia tu, haikumpunguzia hata somo moja.

Vyuo vikuu vina sababu, nami nazielewa. Anatomia ya diploma si anatomia ya daktari wa upasuaji. Vyuo vya kati havilingani ubora, na A ya kimoja inaweza kuwa C ya kingine. Kwa udaktari nakubali waendelee hivyo, maana anayelipia kosa ni mgonjwa. Kwa maabara, kilimo, uvuvi na kompyuta siioni sababu ya kutosha. Anayedai anaijua mikrobiolojia ya mwaka wa kwanza apewe mtihani uleule wa mwisho wa muhula kabla muhula haujaanza, na sehemu ya vitendo akiwepo mtahini. Akifaulu asamehewe kozi hiyo, ada na mkopo wake vipungue kwa kiasi hicho. Akishindwa akae darasani na wenzake. TCU na NACTVET zote ziko chini ya Wizara ya Elimu, na jaribio la miaka miwili kwenye kozi mbili za SUA lingetosha kuonyesha kama viwango vinashuka au la.