Mashine ya akiba isinywe tangi moja na mashine kubwa

Boti za kuvulia kwa mshipi kuanzia Shimoni hadi Malindi, mwenyewe akiwa mwangalifu, huwa na mashine kubwa tezini na kadogo kamoja pembeni kwa ajili ya siku mbaya. Hebu fuata paipu ya mafuta ya hako kadogo uone inakoishia. Mara nyingi ni kwenye tangi lile lile la mashine kubwa. Hapo ndipo nina neno.

Mashine ikizima nje ya mwamba, mimi hushuku petroli kwanza: maji yameingia tangini, dumu lilikuwa na uchafu, au mafuta yamekaa mpaka yakaacha utomvu ndani ya kabureta, yaani kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa. Maji yaliyoizima kubwa yataizima na ndogo, tena upesi zaidi, kwa kuwa vijitundu vya kabureta yake ni vyembamba na mashine yenyewe imelala miezi bila kuguswa. Sasa hiyo ni akiba gani?

Ndiyo maana napendekeza mashine ya gesi. Kampuni ya Lehr ya Marekani iliwahi kuuza mashine ndogo za boti zinazotumia propani, gesi ya mtungi, na Tohatsu ya Japani inayo ya HP 5, silinda moja ya cc 123, uzito wa kilo 26 na ushei. Gesi haiozi. Iache kwenye mtungi mwaka mzima, utaikuta vile vile. Hakuna kabureta ya kuziba utomvu, na huhitaji kubeba dumu la petroli chomboni, jambo ambalo wenye boti za dizeli watalipenda zaidi. Wao kununua petroli kwa ajili ya mashine ya dharura peke yake ni kujiletea moto bila sababu.

Kuna anayesema gesi haina nguvu. Ni kweli kwamba lita moja ya propani ina nishati kama robo tatu tu ya lita ya petroli, lakini ukipima kwa kilo, propani haishindwi. Nikipiga hesabu ya HP 5 ikikazwa mpaka mwisho, napata kilo moja na robo kwa saa, au zaidi kidogo. Mtungi wa kilo 6 basi ni saa nne na nusu hivi, na boti ya futi 20 ikienda noti nne, yaani maili nne za bahari kwa saa, hizo ni maili za bahari kama 18. Bahari ikiwa shwari, lakini. Kusi likivuma usoni, au bamvua likitoka kwa nguvu kwenye mlango wa Kilifi, HP 5 itakuzuia usisukumwe mwambani na pengine isifanye zaidi ya hapo. Mwenye boti ya futi 30 yenye kibanda kirefu asinunue ya HP 5, iwe ya gesi au ya petroli.

Shafti, ule mguu wa mashine unaoshuka majini hadi kwenye propela, nayo huleta majuto. Zipo za inchi 15, 20 na 25, na watu hununua fupi kwa sababu ndiyo iliyopo dukani. Mashine ya akiba haikai katikati, inakaa pembeni. Boti ikilalia upande wa pili kwenye wimbi, propela inatoka nje na kupiga hewa. Kwenye boti nyingi za huku nisingeshuka chini ya inchi 20.

Sasa mtungi, ambao ndio unaoogopwa, na si bure. Gesi hii ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi kwenda zake, inashuka ngamani, chini kabisa ya chombo, na kutulia pale ikisubiri cheche. Kwa hiyo mtungi haukai chini ya sitaha wala ndani ya sanduku la nyavu. Unakaa wazi, karibu na tezi, umefungwa kamba na umesimama wima, maana mashine inavuta mvuke wa juu. Ukiulaza utaipelekea gesi ikiwa bado majimaji, na haikuundwa kwa hiyo. Koki ifungwe kila unapozima. Povu la sabuni kwenye maungio kabla ya kung'oa nanga halichukui hata dakika. Chumvi inaukwangua mtungi wa chuma haraka, hasa kwenye kitako, kwa hiyo ukiona kutu inabanduka maganda, urudishe dukani.

Jambo la kumuuliza muuzaji ni gesi yenyewe. Mashine hizi zimetengenezwa kwa propani, ila mtungi wetu wa jikoni una mchanganyiko wa propani na butani. Kwa joto la pwani mchanganyiko huo unageuka mvuke bila shida, lakini dhamana ya kiwanda ni habari nyingine, na kichwa cha mtungi wetu si kile cha Marekani. Pata kiungio sahihi, tena kwa maandishi kutoka kwa muuzaji. Regulata ya jiko la mama watoto iache jikoni. Mashine ina mfumo wake wa kupunguza mgandamizo.

Vipuri ni shida nusu tu. Fundi wa Yamaha utampata kila bandari, wa mashine ya gesi utamtafuta. Ila propela na impela ya pampu ya maji za HP 5 ya Tohatsu ni zile zile za ndugu yake wa petroli. Kinachobaki ni upande wa gesi, na huo hauna vitu vingi.

Mvuvi mwenye dau na mashine moja ya HP 15 simshauri hata kidogo anunue hii. Bei yake ni pesa ya nyavu, na tayari ana mlingoti. Tanga zuri na kafi mbili zitamrudisha nyumbani bila fundi wala mtungi. Ninayemsema ni mwenye boti ya faiba isiyo na tanga, anayewapeleka wageni kwenye mkondo wa Pemba kutafuta nduaro huku mashine zake zote mbili zikinyonya tangi moja.