Kurasa za Gombe zimeandikwa kwa Kiswahili, tusomewe

Mkoani kwetu Kigoma kuna kumbukumbu ya maisha ya sokwe ambayo wanasayansi wa dunia nzima wanaitegemea, na kurasa zake nyingi ziliandikwa kwa Kiswahili, kwa mkono, na wenyeji wa mkoa huu. Wengi ninaokaa nao hapa mjini hawalijui hilo. Wanajua kwamba katika Hifadhi ya Gombe kuna sokwe, na kwamba alikuja mama wa Kizungu akaishi nao. Mama huyo, Dk. Jane Goodall, alipofariki tarehe 1 Oktoba 2025, akiwa na miaka 91, jina la Kigoma lilisikika kila redio, na nilifurahi kulisikia, maana mama yule alistahili heshima ile yote. Lakini katika kila simulizi niliyoisikia msituni alikuwapo mtu mmoja tu. Mwezi uliofuata nilipanda mtumbwi kwenda Gombe, na nimerudi na neno la kusema kuhusu wale wengine.

Kwanza safari yenyewe, kwa sababu wenzangu wa Kigoma huniambia Gombe ni ya wageni wenye dola. Mitumbwi ya abiria inayokwenda kijiji cha Mwamgongo huondoka ufukwe wa Kibirizi mchana, imebeba unga, masanduku ya soda, kuku na akina mama waliotoka sokoni, na ukiomba hukushusha Kasekela, ndani ya hifadhi. Mpaka wa hifadhi uko kama kilomita 16 tu kaskazini ya mji, ila mtumbwi unasimama kila kijiji, kwa hiyo panga kufika jioni, ulale, uamke na msitu. Beba kitambulisho chako cha taifa, kwani ada ya mwananchi ni ndogo mno ukilinganisha na ya mgeni wa nje. Watu hukodi boti za kasi. Mimi nashauri mtumbwi, kwa kuwa unapata muda wa kuvitazama vilima. Nje ya mpaka utaona mihogo na michikichi ikipanda hadi juu, na mahali pengine udongo mtupu. Kisha unaona mstari, na baada ya mstari huo ni msitu. Serengeti ina kilomita za mraba 14,763. Gombe nzima haifiki 60.

Alfajiri, nyani walikuwa tayari ufukweni. Ukiacha mlango wazi wataingia na kuchukua chakula chako, hivyo funga. Mwongozaji wetu, kijana mpole mwenye subira, alitupa masharti: barakoa usoni, umbali wa mita kumi, saa moja tu ukishawafikia sokwe, na mwenye mafua abaki chini. Mmoja wetu alikuwa akikohoa, naye akabaki. Iliniuma kwa ajili yake, ila sharti hilo lina sababu nzito. Mwaka 1966 ugonjwa wa kupooza uliwakumba sokwe wa Gombe, wengine wakafa na wengine wakabaki vilema, na magonjwa ya kifua yamewaua wengi tangu hapo. Miili yao iko karibu sana na yetu. Kikohozi chako cha siku tatu kinaweza kumuua mama mwenye mtoto mgongoni, na sokwe wa Gombe wote kwa jumla ni karibu 100 tu.

Wakati sisi tunakunywa chai, wafuatiliaji walikwishaondoka zamani. Kazi yao huanza kabla ya jua. Sokwe hutandika kitanda kipya cha matawi kila jioni, na wa kumfuata lazima awe chini ya mti ule kabla hajaamka, kisha aende naye popote atakapokwenda mpaka atandike kingine. Tulipokuwa tukipanda bonde la Kakombe, huku mvua za kwanza zimeifanya njia kuwa utelezi, redio ya mwongozaji iliita mara kwa mara: wameshuka, wamevuka kijito, wamenyamaza. Nilidhani tunakwenda kuona wanyama. Kwa saa mbili za mwanzo nilichokiona ni namna watu wanavyoona.

Mzee mmoja, mfuatiliaji wa siku nyingi, aliungana nasi kwenye mwinuko. Alisimama ghafla akaelekeza kwa kidevu. Mimi niliona majani. Yeye alikuwa ameona makapi ya tunda la mchikichi, yametafunwa yakatemwa, bado yana unyevu. Hatua chache mbele, kwenye tope, alituonyesha alama za vifundo vya vidole, za mnyama atembeaye kwa kukunja ngumi. Akasikiliza. Akasema, "Mama na mtoto. Wanaelekea kwenye kichuguu, tusubiri watulie." Hakuna hata kimoja kati ya hivyo ambacho ningekiona peke yangu, hata ningekaa pale mwezi.

Nao walikuwa kwenye kichuguu. Novemba ni wakati wake, mvua zinapoanza na mchwa kuanza kutoka. Jike alikuwa ameketi, amekunja miguu, ametulia kabisa. Alichuma jani la nyasi, akalipitisha midomoni kulinyoosha, akatoboa tundu kwa kidole, akalichomeka taratibu na kungoja. Alipolitoa, mchwa walikuwa wameling'ang'ania kwa meno, naye akawapangusa kwa midomo. Akarudia. Akalikata ncha iliyolegea, akarudia tena. Mtoto wake, wa kike, aliokota majani aliyoyatupa mama na kujaribu kwenye tundu lake mwenyewe. Jani lilikuwa fupi mno. Hakupata kitu, akamtazama mama mikono kwa muda mrefu sana, mpaka nikasahau kwamba barakoa ilikuwa inanikaba. Utafiti uliofanywa Gombe umeonyesha kwamba watoto wa kike hujifunza kazi hii mapema kuliko wa kiume, kwa sababu hukaa na kumwangalia mama zaidi. Ukiwa pale huhitaji kushawishiwa.

Jambo hili hili ndilo lililobadilisha elimu ya dunia. Mnamo Novemba 1960, Goodall alimwona dume aliyempa jina la David Greybeard akivua mchwa kwa nyasi, na kisha akaona sokwe wakichuma vijiti na kuvisafisha majani kabla ya kuvitumia. Hadi siku hiyo wasomi walifundisha kwamba kutengeneza zana ni kazi ya binadamu peke yake.

Pembeni yetu, muda wote huo, mtu alikuwa anaandika. Alishika ubao wenye karatasi, akaandika saa, jina la mama, walio jirani naye, anachokula, mahali alipo. Kila baada ya dakika 15 anaandika mahali tena. Aliandika kwa Kiswahili. Nilichungulia begani kwake kwa adabu, na kwa mara ya kwanza nilielewa ni kitu gani hasa kimekuwa kikifanyika katika vilima hivi.

Tuirudie historia basi, safari hii na watu wote ndani yake. Gombe ilitengwa kuwa pori la akiba mwaka 1943 na ikawa hifadhi ya taifa mwaka 1968. Goodall alishuka ufukweni tarehe 14 Julai 1960 pamoja na mama yake mzazi, Vanne, kwa sababu serikali ya kikoloni haikukubali msichana akae porini peke yake. Walikuwapo pia mpishi wao, Dominic, na wenyeji waliomwonyesha njia za vilimani, Rashidi Kikwale mmoja wao. Januari 1974, madume wa kundi la Kasekela walipomvamia Godi, dume wa kundi la Kahama lililojitenga, aliyeshuhudia ni Hilali Matama, mfuatiliaji mkuu. Ule ulikuwa mwanzo wa vita vilivyoendelea hadi 1978 na kulimaliza kundi la Kahama. Kwamba sokwe huua wenzao kwa makusudi, dunia ililijua kwa macho ya Watanzania.

Halafu likatokea la Mei 1975. Watu wenye silaha kutoka upande wa Zaire walivuka ziwa usiku na kuwateka wanafunzi watatu na msaidizi mmoja wa utafiti. Baadaye waliachiwa, lakini wanafunzi wa kigeni waliondolewa Gombe. Utafiti ungeweza kufa pale. Haukufa, kwa sababu wafuatiliaji Watanzania waliamka asubuhi wakaenda chini ya vitanda vya sokwe kama kawaida, wakaandika. Na baada ya 1986 Goodall mwenyewe aliacha kuishi porini ili azunguke dunia kutetea wanyama na misitu. Waliobaki na sokwe siku kwa siku, kwenye mvua, kwenye malaria, ni hawa. Watoto wa sokwe waliokuwa mgongoni wakati ule wamezeeka au wamezikwa na msitu, na maisha yao yote yameandikwa.

Kumbukumbu hizo zilipelekwa Marekani, kwanza Chuo Kikuu cha Minnesota kisha Duke, zikatafsiriwa na kuingizwa kwenye kompyuta ili watafiti wazichambue. Sina ugomvi na hilo. Zingekaa kwenye banda la bati kando ya ziwa, panya na unyevu vingezimaliza. Ninachodai ni nakala, zirudi kwa lugha zilimoandikwa, mahali ambapo mwanafunzi wa Mwamgongo au Mtanga anaweza kuzishika.

Kuna atakayesema: mvuvi wa dagaa atafanya nini na kurasa zilizojaa saa na majina ya sokwe? Atafanya mengi. Mustakabali wa Gombe hauko tena ndani ya mpaka. Jike wa sokwe akikomaa kwa kawaida huondoka kundi alilozaliwa akatafute wenza kwingine, na kwingine huko, kwa hifadhi ndogo kiasi hiki, kunahitaji misitu ya vijiji. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 vilima vya nje vilikuwa karibu vyeupe. Mwaka 1994 taasisi ya Goodall ilianzisha mradi wa TACARE, ukaanza na mahitaji ya wanavijiji wenyewe, miti, maji, afya, na baadaye vijiji vikatenga misitu yao. Mahali kadhaa miti imerudi. Uamuzi wa kuiacha isimame au kuikata unafanywa kwenye mkutano wa kijiji, na anayeinua mkono pale ni yule mvuvi. Akijua kwamba babu yake au jirani yake ndiye aliyeandika maisha ya ukoo mzima wa sokwe, atapiga kura kama mtu mwenye mali pale.

Kwa hiyo ningependa mambo machache. Anayewaongoza wageni Gombe awatajie Hilali Matama na Rashidi Kikwale pamoja na Goodall, palepale njiani, kwa sauti ileile. Shule za mkoa huu zilete watoto waliofikia umri unaoruhusiwa, na wasio na umri huo wasomewe darasani. Na maktaba moja, hata kama ni kabati moja hapa mjini, ipewe nakala za kurasa zile. Ningeomba ianze na Januari 1974, ya Godi, nami ningekuwa wa kwanza kujiandikisha kuisomea watoto.