Umande wa tumbaku si maji matupu

Machi hii nilikuwa Urambo kwa shangazi. Asubuhi moja bintiye wa miaka 13 alirudi kutoka shamba kashika tumbo, gauni limelowa chepechepe kuanzia kifuani mpaka magotini, vidole vimeganda utomvu mweusi. Akatapika nyuma ya jiko mara tatu. "Itakuwa malaria hiyo," akasema shangazi. Zahanati wakampima, malaria hana, wakampa vidonge vya maumivu. Hakuna aliyemuuliza katoka kufanya nini.

Swali hilo moja tu! Angesema: kuchuma tumbaku. Nikotini huyeyuka kwenye maji. Jani likiwa na umande au mvua, nikotini inatoka na yale maji na kupenya ngozini, hasa unapokumbatia majani kwapani. Ndipo kichwa kinauma, unaona kizunguzungu, tumbo linasokota, unatapika. Madaktari wa Florida waliuandika ugonjwa huu mwaka 1970. Sisi Tabora, tunaoishi ndani ya tumbaku, bado tunauita malaria au uchovu, na wapo wanaokimbilia kwa mganga. Na mtoto, kwa mwili wake mdogo, ndiye anayeumia zaidi.

Moshi wa bani, yaani banda la kukaushia tumbaku, na viuatilifu nitaviandikia siku nyingine.

Najua, tumbaku ndiyo iliyonisomesha, na bati za shangazi zimetoka humo humo. Siwezi kumwambia ang'oe kesho. Lakini mkopo wa pembejeo unamletea mbolea, viuatilifu na nyuzi, vyote vinakatwa kwenye mauzo. Glovu na aproni ya plastiki hazimo kwenye karatasi yake. Kwa nini zisiwemo? Hata zikikatwa kwenye mauzo, atalipa, kama anavyolipa mengine yote. Na watoto wasiingie kabisa: Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kazi za hatari kwa walio chini ya miaka 18.

Binti alipona baada ya siku mbili. Nikamsihi shangazi asubiri majani yakauke kwanza, hata saa nne, na mikono ioshwe kwa sabuni. Akakubali. Juzi akanipigia: mvua siku ya tatu, majani yameiva, bani halina kitu. Akaniuliza kama nailoni ya mfuko wa mbolea, akiitoboa tundu la kichwa, itazuia maji.

Nikamwambia aioshe kwanza.