Hospisi ipi ni bora? Ulizia usiku kabla ya kuulizia vitanda

Daktari akishawaita ndugu pembeni na kuwaambia kwamba saratani ya mama imesambaa, kwamba mionzi na tibakemikali hazitasaidia tena, simu huanza kupigwa ukoo mzima. Nani anahudumia wagonjwa wa namna hii? Wapi wanakuja nyumbani? Wapi wana ile dawa ya maumivu makali, na wanatoza kiasi gani? Majibu hupatikana kwa kubahatisha. Jirani kasikia, mchungaji anamjua muuguzi fulani, shemeji aliwahi kuhudumiwa mahali akasifu. Familia ya Nakuru, Tanga au Mbarara haina pa kuangalia ili ilinganishe watoa huduma wa tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia maumivu na mateso mgonjwa asiyetarajiwa kupona, kwa vigezo vinavyoeleweka.

Je, tuanze kuwapima na kutangaza matokeo yao hadharani? Wanaosema ndiyo wana hoja nzito, na wanaosema hapana nao wanazo. Mimi nimo upande wa ndiyo, lakini kwa masharti ambayo yananitenga na wengi wa upande huo.

Kwanza ieleweke tunawalinganisha akina nani. Watu wengi bado wanadhani hospisi, yaani mtoa huduma wa tiba shufaa, ni nyumba ya kwenda kufia. Kwa Afrika Mashariki, sehemu kubwa ya kazi hii hufanyika nyumbani kwa mgonjwa na katika kliniki za mchana. Nairobi Hospice, iliyoanza 1990, iko ndani ya eneo la Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, lakini kazi yake haipimwi kwa wagonjwa waliolala kwake. Hospice Africa Uganda ilianzishwa Kampala 1993 na Dkt. Anne Merriman, aliyefariki 2025, kwa msimamo kwamba mgonjwa afuatwe kwake. Tanzania kuna Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam, ambako tiba shufaa ni sehemu ya hospitali kubwa, na kuna huduma za makanisa kama ya Hospitali ya Kilutheri ya Selian karibu na Arusha, zinazotegemea wahudumu wa kujitolea vijijini. Ukizipima hizi zote kwa idadi ya vitanda na uzuri wa majengo, umeshapotea kabla hujaanza.

Wanaotaka ulinganisho wa wazi huitaja Uingereza na Marekani. Kule England, wakaguzi wa serikali huingia hospisi, huuliza kama huduma ni salama, kama inaleta matokeo, kama wahudumu wana utu, kama wanaitika mahitaji ya mgonjwa na kama uongozi uko imara, kisha hutoa daraja moja kati ya manne na ripoti yote huwekwa hadharani. Marekani ilifungua tovuti ya serikali ya kulinganisha hospisi mwaka 2017, na 2022 ikaongeza nyota zinazotokana na maoni ya familia, ambazo hupelekewa dodoso miezi miwili au zaidi baada ya msiba.

Ndani ya mfumo huo wa Marekani kuna kipimo kimoja ninachokipenda kwa dhati. Kinauliza: katika siku tatu za mwisho za maisha ya mgonjwa, je, muuguzi au ofisa ustawi wa jamii alifika kwake katika angalau siku mbili? Kwa kipimo hiki, brosha nzuri na ukumbi wenye viyoyozi havisaidii kitu. Mtu alikuja au hakuja. Siku tatu za mwisho ndizo familia inapochanganyikiwa: pumzi inabadilika, koo linakoroma, mgonjwa hamezi tena, na binti anayemuuguza hajui kama anachokiona ni kawaida au ni dalili kwamba amekosea dawa. Hospisi inayofika siku hizo inastahili kujulikana, na isiyofika inastahili kuulizwa kwa nini.

Hiyo ndiyo nguvu ya hoja ya upande wa kwanza. Bila vipimo, anayejituma na anayezembea wanapata sifa zilezile na fedha zilezile za wafadhili.

Tuwasikilize sasa wanaopinga, maana mfano wao wa kwanza unatoka Marekani hiyohiyo. Kule, bima ya serikali ya wazee hulipa hospisi kwa kila siku mgonjwa anapokuwa kwenye daftari, na hospisi nyingi siku hizi ni biashara za kutafuta faida. Mgonjwa wa kupoteza kumbukumbu anayeishi miezi mingi bila kuhitaji mengi huleta faida kuliko mgonjwa wa saratani anayefika akiwa na wiki moja na maumivu ya kutisha. Mwaka 2022 mkaguzi wa jimbo la California aliripoti kwamba tangu 2010 idadi ya hospisi katika kaunti ya Los Angeles ilikuwa imeongezeka kwa asilimia 1,500, na kwamba jengo moja tu lilikuwa na leseni zaidi ya 150 za hospisi na za huduma za nyumbani. Tovuti ya kulinganisha ilikuwepo tangu 2017. Haikuwazuia matapeli kusajili wazee ambao hata hawakuwa mahututi. Wapinzani wanauliza: kama nchi yenye takwimu nyingi kiasi hicho imeshindwa, sisi tutapata nini kwa kuiga nyota zao?

Hoja yao ya pili inanigusa zaidi, kwa sababu ni ya kwetu. Familia zetu husifu. Mtu aliyeachwa miezi mitatu akilia usiku kucha, siku akitembelewa na muuguzi anayemwita mama na kumshika mkono, atasema huduma ni nzuri mno hata kama alichoachiwa ni parasetamoli. Ndugu waliozika juzi hawatamsema vibaya aliyemwosha baba yao vidonda. Kuna pia imani: wengi wetu tumelelewa kuona kwamba kustahimili maumivu ni subira, ni mtihani kutoka kwa Mungu, na kulalamika ni kukufuru. Dodoso la kuridhika likipelekwa katika nyumba kama hizo litarudi na alama za juu karibu kila mahali, na litawapa wazembe cheti.

Tatu, si haki kumlinganisha anayehudumia wagonjwa wa mjini kwa gari na anayekwenda kwa pikipiki hadi mwisho wa njia kisha akatembea. Wala si haki kumpima kwa jicho lilelile anayepokea wagonjwa mapema na anayeletewa mtu akiwa amebakiza siku tatu kwa sababu hospitali ya rufaa ilichelewa kusema ukweli. Na ulinganisho una maana pale penye chaguo. Mama aliyeko Lodwar au Kigoma hachagui kati ya watano.

Haya yote nayakubali. Bado naona hitimisho lao, kwamba basi tusipime, linawaacha wagonjwa pabaya zaidi. Kasoro ya dodoso la kuridhika inatutaka tuulize maswali ambayo shukrani haiwezi kuyafunika. Na swali la kwanza ni la usiku.

Mofini ya maji, ile dawa ya maumivu makali, ikitolewa inavyopaswa, familia huachiwa chupa ya plastiki, bomba la sindano lisilo na sindano la kupimia, na karatasi ya ratiba: saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 mchana, saa 12 jioni, kisha saa 4 usiku dozi maradufu ili mgonjwa na anayemuuguza walale hadi alfajiri. Kule Uganda dawa hutiwa rangi ili asiyejua kusoma asichanganye chupa. Ya kijani ndiyo hafifu. Pamoja na hiyo chupa lazima iwepo dawa ya kulainisha choo, kwa kuwa mofini hufunga choo kwa karibu kila mtu. Hospisi inayotoa mofini bila dawa ya choo utaijua baada ya wiki: mgonjwa anaikataa chupa, anasema afadhali maumivu. Waliofundishwa vizuri hawakwami hata dawa hiyo ikikosekana, wanajua kutumia mbegu za papai zilizokaushwa na kusagwa. Wanajua pia kwamba kidonda cha saratani ya titi kinachonuka hunyunyiziwa unga wa vidonge vya Flagyl, harufu ikakatika, na wajukuu wakarudi kukaa chumbani na bibi yao.

Mambo haya ni madogo kwa bei, na ndiyo yanayotenganisha huduma bora na huduma ya maneno matamu. Yote yanapimika. Je, mofini ilikuwepo siku zote za mwezi, au iliisha kwa wiki mbili? Kila aliyepewa mofini alipewa na dawa ya choo? Mgonjwa alilala jana usiku? Mzidiko wa maumivu ukitokea saa 8 usiku, kuna namba ya simu, na inapokelewa?

Upatikanaji wa dawa hauko mikononi mwa hospisi peke yake, na hapa ndipo ulinganisho unapoigusa serikali. Jopo la wataalamu la jarida la Lancet lilionyesha kwamba kati ya tani 298.5 za dawa za jamii ya mofini zilizosambazwa duniani kwa mwaka, nchi za kipato cha chini zilipata tani 0.1. Hata hivyo majirani hawakusimama sawa. Uganda ilibadilisha kanuni 2004 ili wauguzi na matabibu waliopata mafunzo maalumu ya tiba shufaa waweze kuandika mofini wenyewe, bila kumsubiri daktari ambaye wilaya nzima haina. Rwanda iliweka sera ya taifa ya tiba shufaa 2011 na ikaanza kutengeneza mofini ya maji nchini. Katika orodha ya nchi 80 ya mwaka 2015 iliyopima ubora wa huduma za mwisho wa maisha, Uingereza ilikuwa ya kwanza, na Uganda ilishika nafasi ya 35, wakati India ilikuwa ya 67 na China ya 71. Utajiri wa nchi haukuamua kila kitu. Kanuni moja kuhusu nani anaruhusiwa kuandika dawa ilibadilisha usiku wa watu wengi. Kwa hiyo mtu akilaumu hospisi ya Tanzania au Kenya kwa kukosa daktari wa kuandika mofini, aulize vilevile ni nani aliyewafunga mikono wauguzi wake.

Vipimo vya kwetu tayari tunavyo, ndiyo maana sioni sababu ya kuazima nyota. Chama cha Tiba Shufaa cha Afrika, chenye makao Kampala, kina dodoso fupi lenye maswali 10, saba ya mgonjwa na matatu ya anayemuuguza. Linauliza maumivu ya siku za karibuni, wasiwasi, kama mgonjwa ameweza kumwambia mtu yaliyo moyoni, kama ana amani, na kama familia imepewa maelezo ya kutosha. Mgonjwa aliyechoka huweza kujibu kwa mkono: ngumi ni sifuri, vidole vitano ni tano. Ukimuuliza siku ya kwanza na ukamuuliza tena baada ya wiki, unalinganisha hali yake na ya kwake mwenyewe. Kipimo cha namna hii kinajibu lile lalamiko la haki, kwa kuwa mhudumu wa pikipiki anapimwa kwa alivyompunguzia mgonjwa wake maumivu, hata kama mgonjwa huyo alifika akiwa hoi.

Kuna jambo la fedha ambalo ripoti za ubora hulipita haraka. Mwanzoni mwa 2025 Marekani iliposimamisha misaada ya nje, huduma nyingi za kanda hii zilizoegemea fedha hizo zilitikisika. Hospisi iliyo bora leo lakini inaishi kwa mfadhili mmoja inampa mgonjwa ahadi isiyo na uhakika. Kuuliza nani analipia mofini ya mwezi ujao ni swali la ubora sawasawa na kuuliza elimu ya wauguzi. Uganda ililijibu kwa sehemu, serikali ikagharamia mofini ili mgonjwa aipate bure.

Simwombi waziri yeyote tovuti ya nyota, wala sitaki orodha ya nani wa kwanza na nani wa mwisho. Naomba kila kituo chenye leseni ya kuhudumia wagonjwa mahututi, kiwe cha serikali, cha kanisa, cha msikiti au cha biashara, kibandike mlangoni na kupeleka wizarani kila mwezi mambo matatu: siku ambazo mofini ilikosekana, wagonjwa wangapi walitembelewa katika siku zao tatu za mwisho, na alama za maumivu za siku ya kwanza zikiwekwa kando ya alama za wiki ya pili. Kenya na Tanzania zinaweza kuanza na lile la kwanza mwezi huu, kwani mofini ni dawa inayodhibitiwa kisheria na kila chupa inayotoka inaandikwa kwenye daftari. Takwimu zipo kabatini. Zikitolewa, familia itakayopiga simu wiki ijayo itakuwa na kitu cha kusoma zaidi ya alichosikia jirani.