Mtasema Sana na Mtachoka

Miezi miwili sasa nalala na daftari chini ya mto. Mke wangu alipoligundua alilifungua kwa hasira, akijua atakuta namba za simu za wanawake. Akakuta: "Mtasema Sana, futi 18. Mtachoka, futi 18." Akalirudisha polepole, akaniangalia kwa huruma. Nadhani angekuta wanawake yangemuuma, lakini angalau angenielewa.

Hayo ni majina ya boti. Ya bluu iko Shangani, hapa Mtwara, inaitwa Mtasema Sana. Nyeupe iko Mikindani, inaitwa Mtachoka. Zote za faiba, zote futi 18 kwa 6, zote zina mashine ya Yamaha ya nguvu za farasi 40, usukani wa kuzungusha kama wa gari, na viti vya sponji vilivyochanika palepale, upande wa kushoto, kana kwamba mtu mmoja alizunguka na kisu kimoja. Ya bluu milioni 14, nyeupe milioni 14 na laki mbili. Yaani hata wenye mali wameshindwa kuzitofautisha, halafu mimi karani wa ghala ndiyo niweze?

Boti yenyewe si wazo langu. Mashamba ya mke wangu kule Msanga Mkuu, ng'ambo ya maji, yalizaa, mnada ukaenda vizuri, hela ikaingia. Na hela ya korosho huku kwetu ina njia zake zinazojulikana: bati, pikipiki, mke wa pili. Mwenzangu akaona aizibe ile ya tatu mapema. "Baba Zuhura, tununue boti, tuwe tunavuka wenyewe kwenda kwa mama." Kivuko kipo, sina ugomvi nacho. Lakini mwanamke akishasema "wenyewe", jibu ni moja.

Kosa langu lilikuwa kuuliza watu.

Nikaanza na fundi wa kule feri. Akaniambia, mzee, mashine hizo usidanganyike na namba, 40 na 40 hazifanani. Ile ya bluu ni ya kuchanganya oili, lita 1 kwa lita 50 za petroli. Nyepesi, haina makuu, ikikugomea unaifungua chini ya mkorosho kwa spana mbili. Ila inakunywa, na moshi wake utadhani unakausha samaki. Ile nyeupe ina oili yake ndani kama gari. Haina kelele, mafuta inakula kidogo, lakini nzito, na ikiumwa inataka daktari bingwa. Nikaandika. Nikaenda kwa fundi wa pili, akaniambia hayohayo neno kwa neno, kisha akamaliza kwa ushauri wa kinyume. Nikaandika pia.

Akaniongezea na la kukojoa. Mashine ikiwashwa, tazama pembeni kuna kitundu kinarusha maji. Huo mkojo ukiwa na nguvu, ujue maji ya kupoozea yanapita. Ukidondoka kama wa mzee, ujue chumvi imeziba njia, mwenyewe hakuwa anaisuuza kwa maji yasiyo na chumvi akitoka baharini. Basi nikasimama Shangani dakika 10 nzima natazama mashine inakojoa, siku ya pili Mikindani vilevile. Watoto wa pale wakakaa pembeni kunitazama mimi. Daftari linasema: "Bluu, inakojoa vizuri. Nyeupe, inakojoa vizuri."

Nikasikia kwamba faiba inapimwa kwa kugonga. Unachukua sarafu, unaigonga boti mwili mzima. Ikilia ko-ko-ko, nzima. Ikilia bu, kuna mahali matabaka yameachana, au mbao ya ndani imekunywa maji. Na pa kuangalia zaidi ni tezi, nyuma ya boti, maana huko ndiko mashine inakoning'inia, na kila tundu la bolti ni mlango wa maji. Nikaenda Mikindani na shilingi 200 yangu. Ko, ko, ko, nikafika karibu na tezi: bu! Jamani, nilifurahi. Hatimaye tofauti! Nikapanda bodaboda mpaka Shangani, nikagonga palepale kwenye ile ya bluu: bu! Fundi alicheka mpaka akakaa chini. Kumbe hapo ni chumba kitupu cha hewa, cha kuifanya boti isizame ikijaa maji. "Hapo ningesikia ko ndiyo ningekwambia kimbia," akasema. Nauli ya bodaboda hakunirudishia mtu.

Ndugu nao hawakuchelewa. Tetesi tu za boti, na shemeji yangu ameshahesabu magunia yake ya msimu ujao humohumo. Binamu ana harusi Msimbati, anataka boti ipambwe. Mjomba mmoja, ambaye mara ya mwisho kunipigia simu tulikuwa na rais mwingine, aliniuliza kama nimeshafikiria nahodha. Nikaona niwakate kwa hesabu. Wamarekani wana kanuni ya boti ndogo kama hizi: zidisha urefu kwa upana kwa futi, gawanya kwa 15. 18 mara 6 ni 108, gawanya kwa 15, watu 7. Nikawasomea kwenye simu, kikao cha familia, sauti kubwa. Kimya. Kisha shangazi akauliza, "Watu 7 kwa awamu ngapi?"

Na mke wangu hakuwa na daftari wala sarafu, alikuwa ameshachagua siku ya kwanza. "Mama yangu simpandishi kwenye kitu kinachoitwa Mtachoka." Nikamwambia jina ni rangi tu, kopo moja linafuta. Akasema jina la chombo halifutwi kama deni la dukani. Hapo tukafunga mjadala, maana madeni yangu ya dukani anayajua.

Sasa tofauti ya kweli ilikuwepo moja tu, na niliiandika mwenyewe ukurasa wa nne, nikapiga na mstari chini. Tumbo. Ya bluu imechongoka chini, inapasua mawimbi kama kisu. Nyeupe ni bapa, inateleza juu ya maji kwa nguvu kidogo, raha tupu bahari ikiwa shwari, lakini kusi likianza kuvuma inakupiga mgongo utadhani umepanda trekta kwenye matuta ya muhogo. Mimi nina mgongo wa kubeba magunia. Nikasema: bluu. Limekwisha. Limebaki la kuijaribu.

Jumamosi mwezi ulikuwa umeandama, bamvua, maji yanajaa sana na kutoka sana. Saa mbili asubuhi tukapanda: mimi, mke wangu, watoto wawili, na mama mkwe tuliyekuwa tunamrudisha kwake, kakumbatia hotipoti yake ya wali. Mwenye boti alitupa kijana wa kuendesha. Na mimi, kwa adabu zote, nikakaa ukingo wa kulia, mama mkwe ukingo wa kushoto, macho yangu baharini. Mkwe ni mkwe.

Boti ilikwenda vizuri kweli. Shida ni daftari. Lilikuwa na mstari mmoja mtupu: "Inataka maji kiasi gani?" Tulipokaribia ng'ambo nikamwambia kijana, sogea ufukweni kidogo tupime. Akasema, "Baba, maji yanatoka." Nikamwambia maji ya hapa mimi nimezaliwa nayo. (Nimezaliwa Masasi. Lakini hayo hayamhusu.)

Krrr. Tukakaa.

Kijana akainua mashine, tukasukuma wawili, haikwenda. Maji ya bamvua yakishaanza kukimbia hayamsubiri mtu atafute pa kushika. Robo saa baadaye yalikuwa kwenye vifundo vya miguu, na mimi nikajifunza ambalo mafundi wawili na Wamarekani hawakuniambia: boti iliyochongoka tumbo ikikaa mchangani haisimami. Inalala ubavu. Wazee wenye majahazi walikuwa na gadi, ile miti ya kukiegemeza chombo kikiwa nchi kavu. Sisi tulikuwa na kasia moja. Kijana akaliegemeza, likazama mchangani kama kijiko kwenye uji.

Na boti ikaanza kulala, polepole, kwa heshima, kuelekea kulia. Kwangu. Nikainua macho nikamwona mama mkwe na hotipoti yake wanaanza kuteleza kunijia.

Sijawahi kuruka kitu chochote maishani kwa kasi ile. Nilitua mchangani, nikaweka bega chini ya ukingo, nikasukuma. Boti ikasimama pale ilipofikia, mama mkwe akasimama katikati ya benchi, hotipoti mapajani. Nikamwomba ashuke. Akasema hashuki, kuna taa, wale samaki wa mwiba, wamejilaza kwenye mchanga, na wali wake hauendi popote. Hesabu ikanijia yenyewe: maji yanatoka mpaka saa nne na ushee, halafu yaanze kurudi. Saa saba labda tuelee.

Bega linawaka moto, kaa ananitembelea juu ya kidole gumba, na sauti ya mke wangu ikatoka juu yangu, taratibu kabisa.

"Baba Zuhura. Ile nyeupe tumbo lake likoje?"

"Bapa."

"Ingekaa wima?"

"Ingekaa."

Kimya. Nikasikia watoto wanafungua hotipoti.

"Kwa hiyo miezi miwili yote ulikuwa unaandika nini?"

Sikujibu. Nilikuwa natazama wanawake wa kuchokoa pweza wanaokuja kwa mbali, na vijiti vyao na ndoo, kanga wamezifunga viunoni, mwendo wa watu wasio na haraka. Wakafika, wakatusalimia mmoja mmoja, wakaizunguka boti mzunguko mzima kama wanaonunua ng'ombe. Mkubwa wao akanigusa bega kwa ncha ya kijiti chake, akamwinulia uso mama mkwe.

"Mama, gadi hii inauzwa pamoja na boti?"

Mama mkwe, ambaye tangu ashikilie msimamo wake wa taa hajatia neno, akameza wali kwanza.

"Gadi tunaitoa bure," akasema. "Boti ndiyo bado tunailinganisha."