Mamluki na mtu wa getini

Kitabu cha Mike Hoare nilikipata kwa wauza vitabu vya mitumba wa Posta, Dar es Salaam, jalada limechanika na kurasa zinanuka stoo. Congo Mercenary, cha 1967. Nilikitaka kwa sababu moja tu: vita anavyovisimulia vilipiganwa na waasi wa Kongo waliojiita Simba. Neno letu hilo. Mwaka 1964 Simba waliiteka Stanleyville, Kisangani ya leo, na serikali ya waziri mkuu wa Kongo, Moïse Tshombe, ikamkodi Hoare na wazungu wenzake, wengi wao kutoka Afrika Kusini na Rhodesia, waende kuwang'oa.

Hoare anajua kusimulia, sitaficha, na hapo ndipo penye mtego. Unajikuta unamsikitikia kijana wake aliyepigwa risasi, halafu unashtuka kwamba wa upande wa pili wameanguka wengi na hujaambiwa jina la hata mmoja.

Mwaka 1965 vita vikasogea ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, huko Fizi na Baraka. Kwa Simba alikuwepo Che Guevara, aliyevuka kutokea Kigoma na kujiita Tatu. Moja na Mbili walikuwa wasaidizi wake. (Kamanda kujiita Tatu ili asijulikane, mimi hilo hunichekesha kila nikilikumbuka.) Naye aliandika kitabu, tena alikiandikia hapahapa Dar es Salaam, ndani ya ubalozi wa Cuba. Kwa hiyo mamluki ametuachia Kiingereza, mwanamapinduzi ametuachia Kihispania. Waliowavusha ziwa, waliowabebea mizigo, mama wa Baraka aliyekimbia na sufuria kichwani, hao habari zao tunazitafuta kwenye kurasa za wageni wao.

Hoare hakukoma. Novemba 1981 alitua Ushelisheli na watu wake wakijifanya chama cha wanywa bia walio likizo, silaha zimefichwa kwenye mabegi na juu yake wamepanga vitu vya kuchezea watoto. Afisa mmoja wa forodha akapekua begi, akakuta bunduki. Risasi zikalia pale uwanjani, na mwishowe wengi wao wakaiteka ndege ya Air India wakatorokea Durban. Hoare alifungwa kwa utekaji ule, na kitabu akaandika vilevile. Mimi ningelipa mara mbili kusoma cha yule afisa wa forodha.

Vitabu vya miaka ya karibuni vina nafuu, hasa vya watu wasioshika bunduki wenyewe. Peter Singer, mwaka 2003, alieleza vizuri jinsi vita vilivyogeuka kuwa biashara yenye ofisi, mikataba na wanahisa. Jeremy Scahill alitoa kitabu chake kuhusu Blackwater, kampuni ya ulinzi ya Kimarekani, mapema 2007, na Septemba ya mwaka huohuo walinzi wa kampuni hiyo wakaua raia 17 katika uwanja wa Nisour, Baghdad. Kumbukumbu za mabosi wenyewe nimezichoka, zinanukia matangazo ya biashara.

Lakini lipo neno linalonisumbua. Mamluki, kwa asili yake ya Kiarabu, ni mtu anayemilikiwa, mtumwa aliyetiwa jeshini. Ni ukoo mmoja na miliki. Sasa Hoare alimilikiwa na nani? Alisaini mkataba, akachukua chake, akarudi kwake akaandika. Ukilichukua neno kwa uzito wake wa zamani, linawakaa zaidi wengine: maelfu ya Waganda waliolinda kambi za Wamarekani Iraq, au wale madereva watatu wa Kenya waliotekwa hukohuko Julai 2004 wakiendesha malori ya kampuni ya Kuwait, wakaachiwa Septemba. Hao kisheria si mamluki hata kidogo. Ni vibarua.

Mwaka juzi nilikaa na mmoja kwenye basi kutoka Kampala. Mtu mzima, Kiswahili chake kile cha jeshini, kifupi na cha amri. Aliniona na kitabu, akauliza kinahusu nini.

"Mamluki, mzee."

Akacheka. "Kama mimi?"

Akaniambia alilinda geti Iraq miaka miwili, saa kumi na mbili juu ya mnara kila siku, fulana ya kuzuia risasi imemlemea mabega. Yeye alianza na dola elfu moja kwa mwezi. Mdogo wake alipofuata baadaye, kazi ileile, akasainishwa mia nne. Pasipoti walishikiwa.

Akakichukua kitabu, akakifungua katikati, akakirudisha.

"Wameandika watu walikuwa wanakula nini?"

Nikamwambia kidogo sana.

"Basi hawakukaa," akasema, akageukia dirisha. Tulipofika Masaka ndipo akaanza tena, bila kuulizwa, na habari ya kuku: kuku kila siku, kuku asiye na mfupa, mpaka akasahau hamu ya matoke, na siku aliyorudi nyumbani mkewe akamchinjia jogoo.

"Nikashindwa kumwambia," akasema.